Kiti cha Choo Chenye Maji: Anasa au Stara?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, mwaka huu baadhi ya wazazi wametuuliza swali ambalo wanafunzi walilicheka: je, inafaa Muislamu kuweka nyumbani kwake kile kiti cha choo kinachorusha maji chenyewe? Wapo wanaosema ni israfu na kuiga wageni. Wapo wanaosema nyumba isiyo nacho haina twahara kamili. Sisi tunaona wote wamevuka mpaka.

Kwanza, wanafunzi wetu, jambo hili si la kuchekwa. Salman al-Farisi (R.A.) aliwahi kuambiwa kwa kejeli kuwa Mtume wao anawafundisha kila kitu, hata namna ya kwenda haja. Hakuona haya. Alikubali, kisha akayataja mafunzo yenyewe: kutoelekea kibla, kutostanji kwa mkono wa kulia, kutotumia mawe yasiyofika matatu, wala kinyesi cha mnyama, wala mfupa. Nanyi mmesoma hadithi ya makaburi mawili, ambapo mmoja wa waliokuwa wakiadhibiwa alikuwa hajikingi na mkojo. Basi mambo ya msalani yanafika mpaka kaburini.

Lakini katika mafunzo hayo chombo hakikufanywa sharti. Anas (R.A.) alikuwa akimchukulia Mtume (S.A.W.) chombo cha maji ya kustanjia, na yalitosha. Kinachotakiwa ni najisi iondoke. Bibi yako kule shamba, mwenye choo cha kuchutama na kopo lake, akijisafisha vizuri, twahara yake haipungui hata chembe mbele ya mwenye kiti cha bei kubwa. Kwa hiyo anayesema kiti ni lazima, amekosea.

Na anayesema ni anasa tu? Hapa tunaomba ruhusa tuseme ya nyumbani kwetu.

Mama yetu mzazi alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Kwenda msalani kwa gongo aliweza, kustanji hakuweza. Dada yetu ndiye aliyemsafisha. Mama hakulalamika, ila tuliona anapunguza kunywa maji, na uji anauacha nusu. Siku moja tulirudi tukakuta Alasiri imeingia na hajaswali Adhuhuri. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anamngoja dada arudi sokoni. Sisi tunaofundisha watoto wa watu sharti za swala, hatukuwa tumeliona hilo ndani ya nyumba yetu.

Tulichanga ndugu wanne, tukanunua kiti kisichotumia umeme, chenye mkono wa kufungulia maji upande wa kulia. Fundi alikifunga asubuhi moja. Magharibi ya siku ile mama aliswali kwa wakati wake, amekaa kitini, na usiku akaomba chai.

Tukaulizwa: twahara inatimia bila mkono kupita? Ndiyo. Mafakihi wamesema kinachozingatiwa ni kuondoka kwa najisi na athari yake, na dhana yenye nguvu kuwa imeondoka inatosha. Asiyeweza kutumia mkono wa kushoto naye ana udhuru wa kutumia wa kulia. Tusiwafungulie wagonjwa mlango wa wasiwasi.

Wala kiti hiki hakikuanza kuwa pambo. Kampuni ya TOTO ya Japani, kabla ya kutoa cha kwake mwaka 1980, ilianza mwaka 1964 kuingiza kiti cha namna hiyo kutoka Marekani, na kilikusudiwa hasa wagonjwa.

Anayetaka kununua azingatie haya. Fundi aweke koki ya kufungia maji kwenye bomba linalopeleka maji kwenye kiti. Maji yafunguliwe taratibu, yasiruke na kunajisi nguo. Kijibomba kinachotoa maji kisuguliwe mara kwa mara. Kopo lisitupwe, maana bomba hukauka. Na maji yasiachwe yakamwagika ovyo: Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kiasi cha mudi moja, yaani mateko ya viganja viwili.

Rai yetu, wazazi, ni hii: kabla ya kuuliza bei, tazameni nani nyumbani anateseka kimya. Mzee asiyeweza kuinama, mjamzito, aliyetoka kupasuliwa. Akiwepo, kiti hicho ni stara yake na ni katika kuwatendea wema wazazi. Msingoje aombe, hataomba. Asipokuwepo, kopo linatosha, na huenda jirani yenu ana mgonjwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojitwaharisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.