Tusiisingizie Damu

Yako mazoea mabaya yaliyoota mizizi katika nchi nyingi, nayo ni mazoea ya kuutazama msiba wa mtu mweusi na kusema, "Ndivyo damu yake ilivyo." Leo twataka kuyapima mazoea hayo kwa mizani ya ugonjwa mmoja, uitwao lupasi, kama ulivyochunguzwa nchini Marekani.

Lupasi si ugonjwa wa kuambukiza. Askari wa mwili, waliowekwa kuilinda nyumba, huigeukia nyumba ile ile na kuibomoa: viungo huvimba na kuuma, ngozi hutoka vipele, figo huharibika. Katika kila wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, na wengi hushikwa katika umri wa kuzaa. Mwaka 1955 madaktari wa Baltimore walieleza kwamba miaka 4 baada ya ugonjwa kutambuliwa, kama nusu tu ya wagonjwa wao walikuwa hai. Siku hizi, penye matibabu mazuri, walio wengi sana huipita miaka 5 na kuendelea na maisha yao.

Lakini neema hiyo haikugawanywa sawasawa. Hesabu zilizofanywa katika majimbo ya Georgia na Michigan zaonyesha kwamba lupasi huwapata wanawake weusi kama mara 2 hadi 3 ya inavyowapata wanawake weupe. Huwashika wakiwa wadogo zaidi, na figo zao huharibika mara nyingi zaidi. Basi wako waliokata shauri upesi kwamba jambo lote ni la damu.

Watafiti wa Alabama na Texas, na baadaye wa Puerto Rico, hawakuwa na haraka hiyo. Kuanzia mwaka 1994, Daktari Graciela Alarcón na wenzake waliwafuatia wagonjwa weusi, weupe na wasemao Kihispania katika uchunguzi uitwao LUMINA. Hawakuuliza kabila tu. Waliuliza pia mapato, elimu, bima ya matibabu na msaada wa jamaa. Walipovipima vifo, umaskini ulisimama kama shahidi. Kabila peke yake halikutosha kuvieleza. Tena wagonjwa wa Puerto Rico walikuwa na ugonjwa mwepesi kuliko wasemao Kihispania wa Texas, ingawa serikali huwaandika wote katika safu moja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hatusemi kwamba urithi hauna neno. Iko jeni iitwayo APOL1, ambayo aina zake fulani zilienea Afrika Magharibi kwa kuwa humkinga mtu na vijidudu vya malale. Mgonjwa wa lupasi aliyerithi aina hizo kwa baba na kwa mama, figo zake zikishaingiwa na ugonjwa, huweza kufa mapema zaidi. Lakini Wamarekani weusi waliorithi hivyo ni kama 13 tu katika kila 100. Daktari atazamaye rangi ya ngozi badala ya kuipima jeni yenyewe atakosea mara nyingi kuliko kupatia.

Tuitazame na dawa. Haidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini tuliyoinywa zamani kwa malaria, iliruhusiwa Marekani mwaka 1955. Si dawa ya ghali kama dawa mpya, na LUMINA iliona kwamba wanaoitumia huishi zaidi na kuharibika viungo kidogo zaidi. Ila yataka kunywewa siku zote, pamoja na kupimwa damu, mkojo na macho. Mama asiye na bima, ambaye akikosa kazi siku moja hukatwa mshahara, atawezaje? Akikosa kufika kliniki huandikwa mkaidi. Sisi twauliza: mkaidi ni yeye, au ni mpango uliomtaka achague kati ya dawa na chakula cha watoto? Mwaka 2020, ilipovumishwa kwamba dawa hiyo hutibu Korona, ilinunuliwa kwa pupa hata wagonjwa wa lupasi wakaikosa madukani. Baadaye ikathibitika kwamba Korona haiitibu.

Jambo hili latuhusu na sisi. Kwa miaka mingi vitabu vya uganga vilisema kwamba lupasi ni adimu barani Afrika. Lakini asiyetafuta hapati. Wekundu wa shavuni unaosifiwa vitabuni hauonekani wazi juu ya ngozi nyeusi, na msichana mwenye homa na maumivu ya viungo hupewa dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, hali figo zinaendelea kuteketea.

Twasema basi: msichana ambaye homa na maumivu yake hayasikii dawa apimwe mkojo, jambo lisilo na gharama kubwa. Waganga wafundishwe kuutambua ugonjwa huu katika ngozi zetu wenyewe, na dawa iwepo zahanati ya wilaya, si mjini tu. Damu hatuwezi kuibadili. Umaskini, ujinga na umbali wa hospitali ni mambo yaliyofanywa na watu, na watu waweza kuyaondoa. Anayeisingizia damu ajiulize kama hatafuti tu udhuru wa kukaa bure.