Bahari Haifuati Saa ya Serikali

Wewe unaamka na saa ya simu. Mvuvi wa Lamu saa yake ni mwezi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwenye bamvua mkondo ni mkali, mzamiaji anangoja maji yatulie. Yakipwa sana, mashua inakwama matopeni.

Sasa fikiria: Lamu iliwahi kupigwa marufuku kuvua usiku, kwa miaka, eti usalama. Sawa, usalama muhimu. Lakini maji mazuri yakija saa nane usiku, mvuvi afanye nini? Akilala yeye, watoto nao wanalala njaa.

Ukisikia sheria nyingine ya bahari, jiulize: mvuvi aliulizwa?