Miaka Kumi, Nyumba Saba



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, binti wa parokia yetu hapa Goma alinisubiri mlangoni mwa sakristia, karatasi mkononi. Mumewe yuko Kanada. Walifunga ndoa mwaka 2024, kwa serikali na kwa Kanisa, na sasa mume amejitoa kuwa mdhamini wake ili aende wakakae pamoja. Alichoniomba kilionekana kidogo: barua yenye sahihi ya katekista, isemayo kwamba ameishi kwa baba yake mdogo, kartie ya Majengo, miaka kumi mfululizo.

«Mwalimu, ni barua tu,» aliniambia. «Aliyenijazia fomu anasema anwani moja haileti maswali.»

Nilikataa. Nawaandikia kwa sababu si yeye wa kwanza kuniomba hivyo, na kwa sababu wa kwanza sikumkatalia.

Tuanze na fomu yenyewe. Aombaye ukaazi wa kudumu Kanada hujaza, miongoni mwa karatasi nyingi, ile yenye namba IMM 5669. Humo huulizwa anwani zake zote za miaka 10 iliyopita, au tangu alipotimiza miaka 18 ikiwa ni karibu zaidi: mwezi na mwaka wa kuingia, mwezi na mwaka wa kutoka, pasipo pengo. Sanduku la posta halihesabiwi kuwa anwani. Ni swali lililotungwa na watu ambao nyumba zao zina namba na ambao barua huwafikia mlangoni. Sisi huelekezana kwa kanisa, kwa bomba la maji, kwa duka la mtu aliyekwisha kuhama. Na mji wetu wenyewe hautulii. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati yake. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena hadi Buhene, na siku chache baadaye kartie nyingi zikaamriwa kuhama. Mwishoni mwa 2022 watu wa Rutshuru na Kibumba walijaa Kanyaruchinya. Januari 2025 vita vikaingia mjini. Nani kati yetu ana anwani moja ya miaka kumi?

Nilimketisha binti yule kwenye benchi, tukahesabu. Nyumba ya wazazi Rutshuru. Majengo, alipokuja kusoma. Buhene, alikopanga na dada yake, nyumba ikaungua ile Mei 2021. Minova, miezi miwili kwa shangazi. Kampala, miezi minane kwa mjomba. Himbi. Kisha Majengo tena. Makao saba. Alipofika Kampala alishusha sauti, na alipofika Himbi alinyamaza kabisa.

Kampala nilielewa haraka. Kanada huomba cheti cha polisi kutoka kila nchi ambayo mtu alikaa miezi 6 au zaidi mfululizo katika miaka hiyo kumi. Kuitaja Uganda ni kujiongezea safari, gharama na kungoja, naye ametengana na mumewe kwa muda mrefu wa kutosha. Sitamcheka mtu kwa hilo.

Himbi lilikuwa jambo jingine. Mchumba alipokuja kutoka Kanada walipanga chumba huko, wakaishi pamoja miezi mitano kabla ya arusi. Padri paroko alipowahoji kabla ya ndoa, binti alisema anaishi kwa baba yake mdogo. Lakini katika karatasi za uhusiano wao, mume alikuwa ameshaandika Himbi pamoja na tarehe zake, maana aliona yasaidia kuonyesha kwamba ndoa yao ni ya kweli. Basi kulikuwa na historia mbili: moja ya paroko, moja ya Kanada. Na sasa nilitakiwa kutia sahihi chini ya ile ya paroko na kuituma Kanada, ikakutane na mwenzake ndani ya bahasha moja!

Hapo ndipo nilipomsimulia kosa langu, nami nawasimulia ninyi pia. Miaka kadhaa iliyopita niliandika barua ya namna hiyo kwa ajili ya kijana ambaye mkewe alikuwa amepokelewa Kanada akiwa mkimbizi. Niliandika kwamba hakuwahi kutoka Goma. Nilijua ametoka, nilidhani natenda huruma. Mkewe, katika faili lake la zamani, alikuwa ameeleza jinsi walivyoishi pamoja kambini Uganda. Ofisa alilinganisha karatasi, akamwandikia kijana ajieleze. Kijana akajieleza kwa uongo wa pili. Kifungu cha 40 cha sheria ya Kanada ya uhamiaji na wakimbizi humfungia mlango kwa miaka 5 mtu aliyesema uongo au kuficha jambo la maana. Mlango ukafungwa. Kambi isingemdhuru, watu wengi wa kambini wamepokelewa. Kijana mwenyewe hakunilaumu. Mama yake alinilaumu, na alikuwa na haki.

Wengine mtasema: Mwalimu, hao wazungu wanatafuta kisingizio tu cha kukataa. Yawezekana wapo maofisa wagumu. Lakini swali hili la makao si la wazungu peke yao. Kanisa huliuliza pia, tena kabla ya kila ndoa. Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 102, zasema mtu hupata makao mahali alipokaa miaka 5 kamili au anaponuia kubaki daima, na makao ya muda kwa kukaa miezi 3. Na yule asiye na makao popote? Sheria zinalo jina lake kwa Kilatini, vagus, nazo zasema paroko wake ni paroko wa mahali alipo kwa sasa. Hahukumiwi kwa kuhamahama kwake, anapewa mchungaji.

Someni pia sura ya 33 ya kitabu cha Hesabu, ambayo wengi huiruka kwa kuwa ni majina matupu. Musa, kwa agizo la Bwana, aliandika vituo vya safari ya Waisraeli tangu Misri, zaidi ya 40. Vingi kati yake havina tukio lolote: walipiga kambi hapa, wakaondoka, wakapiga kambi pale. Kuna na vile walivyonung'unika na vile walivyotenda dhambi. Havikuondolewa katika orodha.

Himbi sikuisifu, wala sitaisifu mbele yenu. Lakini kwa Himbi kuna kitubio, na kuna mlango wa paroko. Kuifuta kwenye fomu hakumrudishii mtu chochote, na kwaweza kumnyang'anya mume wake.

Nina ombi moja kwa makatekista wenzangu na kwa viongozi wa mashirika: tuandike tunachokijua, basi. Namfahamu tangu mwaka fulani, alisali katika shirika letu toka mwezi huu hadi ule, kisha akahama. Daftari za mashirika yetu zina mahudhurio na michango. Nyingi zimeliwa na panya kwa uzembe wetu. Nanyi vijana, msingoje fomu. Mwezi uliosahaulika hupatikana kwenye buletini ya shule, kwenye cheti cha ubatizo wa mtoto mliyemsimamia, kwenye picha ya simu yenye tarehe. Andikeni wakati mama zenu wangali wanakumbuka.

Binti yule alikasirika, akaenda zake. Baada ya wiki tatu akarudi. Alikuwa ameonana na padri paroko. Waliyozungumza si yangu. Cheti cha Uganda bado anakingoja. Barua niliyompa ina mistari sita, nayo yahusu Majengo na Buhene tu, maana huko ndiko nilikomfahamu. Alipoisoma aliniuliza aandike nini kwa Buhene, ikiwa nyumba yenyewe haipo na njia yake imefunikwa na mawe.

Nilimwambia aandike jina la avenyu kama lilivyokuwa, na mwezi wa kutoka: Mei 2021.