Mambo ya Nyumbani: Binti Aliyepanda Mashua Siku ya Jumamosi

Mwezi huu tulikusudia kuandika habari za kuweka akiba ya mahindi, walakini limetokea jambo lililotufanya tuyaweke mahindi kando, nalo lawahusu wazazi wote wenye watoto masomoni ng'ambo, pamoja na walimu waliowafundisha watoto hao kusoma.

Jioni moja alikuja kwetu mwalimu mmoja, rafiki yetu wa miaka mingi, mzee wa kanisa, mtu asiye na maneno mengi. Hakuingoja chai. Akatoa simu mfukoni akatuonyesha picha. Tukamwona binti yake, asomaye katika mji wa Tübingen huko Ujerumani, ameketi katika mashua ndefu pamoja na vijana watano, naye anacheka hata macho yamefumba. Katikati yao palikuwa na mkate na matunda, na nyuma yao amesimama kijana ameshika mti mrefu sana.

"Ndugu," akasema, "niliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba la marehemu babu yangu. Je, niliviuza kwa ajili ya mashua?"

Akatueleza ya kuwa amekwisha kumwandikia binti maneno makali, na majuma manne yamepita pasipo jibu. Tena mama yake halali usiku. Basi alitaka sisi, tuliosoma katika mji ule ule, tuongeze karipio letu juu ya lake. Tukamjibu kwamba tutaandika, ila kwanza asikilize habari zetu wenyewe. Na haya ndiyo tuliyomwambia, nasi twayatia hapa kwa ruhusa yake.

Tulifika Tübingen mwaka 1994, baridi ilipoanza. Mji ule ni mdogo, umejengwa kando ya mto Neckar, na chuo chake kikuu ni cha kale, kiliwekwa mwaka 1477 na Eberhard, mtawala wa Württemberg. Nasi tulikuwa na nia moja tu, kusoma. Baba yetu alikuwa mkulima wa kahawa Kilimanjaro, na siku ya kuagana alituambia kwamba kila ukurasa tutakaoufungua umekwisha kulipiwa. Basi tukazifungua kurasa. Tulisoma tangu Jumatatu hata Jumatatu ya pili, tukala tumesimama, wala hatukumjua jirani wa mlango wa pili. Hata ulipofika mwezi wa tatu wa kukaa kwetu, tukaona jambo la kutisha: tuliweza kuusoma ukurasa mmoja mara nne tusijue umesema nini. Usiku hatukupata usingizi, mchana tulisinzia. Tukazidisha saa za kusoma, mfano wa mtu aliyepotea njia akaongeza mbio.

Kilichotuokoa ni chupa. Jumapili moja asubuhi tulizichukua chupa tupu tukaenda kuzitupa katika pipa la vioo lililokuwa mwisho wa njia, kwa kuwa siku nyingine tuliona hatuna nafasi. Nchi ile haina ruhusa ya kufanya hivyo siku ya Jumapili kwa sababu ya kelele, nasi hatukujua. Ziliposhuka zikilia ndani ya pipa, dirisha likafunguliwa, mama mmoja mzee akatukemea kwa lugha ya Kiswabia ambayo hatukuielewa hata nusu. Alipotambua kwamba sisi ni wageni akashuka, amekwisha kuvaa nguo za kanisani, akatuuliza polepole, "Siku yako ya kupumzika ni ipi?" Tukanyamaza. Sisi tuliolelewa katika nyumba ya Kikristo, tuliokariri amri kumi kabla ya kujua kuandika, hatukuwa na jibu la kumpa yule mama njiani.

Yafaa msomaji ajue ya kuwa nchi ile imeiandika Jumapili katika sheria zake kuu. Katiba ya mwaka 1919 iliagiza siku hiyo ilindwe iwe siku ya kuacha kazi na ya kuinua moyo, na katiba ya mwaka 1949 ikaichukua amri hiyo ikawa yake, nayo ina nguvu mpaka leo. Siku zetu maduka yalifungwa hata Jumamosi nyingi saa nane mchana. Sasa Jumamosi huendelea hata usiku, lakini Jumapili milango ya maduka karibu yote hufungwa. Ni kweli kwamba watu wengi wa huko hawaingii tena kanisani, nalo ni jambo la kusikitisha. Walakini siku yenyewe wameishika kuliko sisi tuimbao katika kwaya na kisha twafungua duka.

Yule mama akatuchukua kanisani kwake, na huko tukapata marafiki watatu: Mjerumani mmoja aliyejifunza uganga, dada mmoja wa Indonesia, na kijana mmoja wa Tanga, ambaye tulikuwa tukipishana naye katika ngazi za chuo tangu tulipofika pasipo kusalimiana. Mtu na mtu wa nchi moja, kila mmoja amejifungia chumbani na vitabu vyake!

Ulipofika mwezi wa Mei, mwaka 1995, tukakubaliana kwamba mwisho wa juma mmoja tutauacha bila kitabu. Jumamosi asubuhi ilikuwa kazi ya ufagio, kwa maana Waswabia wana desturi ya zamu: katika nyumba yenye wapangaji wengi hutundikwa kibao mlangoni pa yule ambaye juma hilo ni lake, naye hufagia ngazi na njia ya mbele ya nyumba. Zamu ilikuwa yetu. Wale watatu wakaja kutusaidia, tukamaliza upesi, kisha tukashuka mtoni.

Mashua zao za mto Neckar ni ndefu na sakafu yake ni bapa. Abiria huketi wakielekeana, na mmoja husimama nyuma akiisukuma kwa mti mrefu ukaribiao mita 7, aukandamizao chini ya maji. Wanafunzi hushindana kwa mashua hizo kila mwaka tangu mwaka 1956, na watu wa mashua ya mwisho hunyweshwa mafuta ya ini la samaki, kila mmoja nusu lita. Na aliyewahi kupewa kijiko kimoja tu utotoni atawahurumia. Yule Mjerumani akashika mti kwanza, kwa kuwa ndiye mwenyeji. Tukazunguka kama pia. Akatupeleka katika matawi ya miti, kisha tukagonga ukingo, na dada wa Indonesia akalowa hata kiunoni.

Ndipo kijana wa Tanga akainuka akasema, "Nipe huo upondo." Tulilisikia neno hilo kana kwamba mtu amebisha hodi nyumbani. Akasimama, akauzamisha, akausukuma, akauacha ufuate maji, na mashua ikanyoka. Huyu ndiye kijana ambaye tangu kuja kwake alikuwa hasemi maneno kumi kwa siku. Darasani wakimwona mzito. Sasa akaanza kusema, naye hakunyamaza mpaka magharibi. Akatueleza jinsi babu yake alivyomfundisha kuvuka mikokoni maji yakiwa machache, jinsi ya kuusikiliza mchanga kwa mkono kupitia katika mti, na jinsi ya kuuachilia upondo ukinaswa na matope, kwa maana ang'ang'aniaye huachwa juu yake na chombo kikaenda. Alisema kwa Kijerumani, neno likimpotea akalisema kwa Kiswahili, nasi tukafasiri. Yule Mjerumani akaomba afundishwe.

Tukapita chini ya mnara wa manjano ulio kando ya maji. Humo aliishi mshairi Hölderlin, aliyesoma katika mji ule kisha akaugua akili. Seremala mmoja alimpokea mwaka 1807, akatunzwa na jamaa hiyo kwa miaka 36, hata akafa mwaka 1843. Tukatazama dirisha lake tusiseme neno. Kisha tukafunga mashua penye kisiwa chenye miti mirefu, tukala mkate, jibini na machungwa, tukalala majanini. Hatukufanya neno jingine lolote la kusimuliwa.

Jumapili tulikwenda ibada katika kanisa kubwa la mjini, na baada ya chakula tukaenda kwa miguu mpaka Derendingen, kijiji kilichounganishwa na mji mwaka 1934. Hapo ndipo alipozaliwa Ludwig Krapf mwaka 1810, mtoto wa mkulima. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa na miaka kumi na mmoja jirani alimpiga vibaya kwa kosa asilolitenda, akaugua miezi sita. Na katika kulala huko ndipo alipoanza kuisoma Biblia kwa moyo. Mwaka 1844 alifika Mombasa, na mwezi wa Julai mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, huku yeye mwenyewe ana homa. Kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Kijana wa Tanga akasimama kati ya bustani za kijiji kile akasema, "Kumbe alitoka hapa hapa, penye matofaa." Tukarudi polepole. Yule mama wa chupa alikuwa ametuandalia kahawa na keki.

Jumatatu tulifungua kitabu, nacho kikasema nasi. Hatukuwa wa kwanza katika mtihani, lakini tulishinda, na kijana wa Tanga alishinda kutupita.

Mpaka hapo rafiki yetu mwalimu alisikiliza ameinamisha kichwa. Tukamkumbusha kwamba Bwana wetu aliwaita wanafunzi wake wajitenge wakapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Twalisoma katika Marko sura ya 6. Nao ni wanafunzi, neno lile lile tuwaitalo watoto wetu. Akasema, "Nalijua fungu hilo. Nimelihubiri."

Ndipo tukamwambia lililobaki, ambalo twaona uzito kuliandika. Katika barua zetu zote kwa baba hatukutaja mashua, wala Derendingen, wala marafiki. Tuliandika kwamba twasoma usiku na mchana, kwa kuwa tulidhani ndilo neno alilolinunua kwa kahawa yake. Tuliporudi nyumbani, jioni moja alituuliza, "Je, huko hukuwa na mwenzi wa kucheka naye?" Tukajibu, "Hapana, baba, ilikuwa kazi tu." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nilikupeleka kifungoni." Tungaliweza kumwambia kweli saa ile ile. Tuliona haya kuivunja habari tuliyoijenga kwa miaka, tukaiacha ipite. Alikufa mwaka 2003, na kila alipotutaja kwa majirani alikuwa akisema, "Mtoto huyu aliteseka."

Mwalimu akaitazama tena ile picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole vyake. Akauliza kijana aliyeshika upondo ni wa taifa gani, hatukujua. Akauliza kama mto ule una kina. Tukamwambia mahali pengi mtu husimama. Kisha akaomba chai yake, akainywa, akaaga.

Siku ya pili alituletea barua aliyoiandika kwa mkono, tuisome kama ina neno baya. Ilikuwa fupi. Alimwomba binti amtajie majina ya wale watano, na amweleze mkate ule ni wa namna gani. Sisi hatukuongeza kitu. Imepelekwa, na mpaka gazeti hili linapokwenda kupigwa chapa jibu halijafika. Mama yake angali anaiweka simu chini ya mto usiku.

Habari za mahindi tutazileta mwezi ujao, tukijaliwa.