Picha ya gari isifiche kutu

Mkazi wa Nchelenge, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, akitaka gari la mtumba huanza kulitafuta kwenye simu. Gari lenyewe huenda bado liko Japani, au limeegeshwa kwenye yadi jijini Dar es Salaam likisubiri safari ya Tunduma na Nakonde, au liko Lusaka. Analoliona yeye ni picha kumi au kumi na tano alizotumiwa kwa WhatsApp. Kwa picha hizo anaamua kutoa fedha zake au kubaki nazo.

Siku hizi picha za namna hiyo zinaweza kupita kwanza mikononi mwa fundi asiyeonekana. Programu za akili mnemba zinazotengenezwa kwa ajili ya wauza magari huchukua picha iliyopigwa kwenye vumbi, katikati ya matairi chakavu na nguo zilizoanikwa, na kwa sekunde chache zikaliweka gari hilo kwenye ukumbi wenye sakafu nyeupe. Mwaka 2023 kampuni ya Adobe iliongeza kwenye Photoshop zana ya kujaza sehemu yoyote ya picha kwa amri ya maneno machache. Kazi iliyohitaji mtaalamu mwenye kompyuta sasa inafanywa na kijana mwenye simu ya kawaida.

Gazeti hili halioni ubaya katika teknolojia hiyo kwa jumla. Muuzaji mdogo wa Mansa au Tunduma hana jengo la vioo wala mpigapicha wa kulipwa. Anashindana na makampuni makubwa ya miji mikuu na ya ng'ambo, ambayo magari yao hung'aa kwenye tovuti hata kama si bora kuliko yake. Programu ya bei nafuu inayomwondolea takataka nyuma ya gari inampa nafasi ya kusikilizwa. Kusafisha ua kabla mgeni hajafika ni ustaarabu.

Tatizo linaanza pale programu inapovuka ua na kuligusa gari. Akili mnemba haijui tofauti ya vumbi na kutu. Ikiambiwa isafishe, hujaza mahali penye doa kwa kile ambacho kwa kawaida huonekana kwenye gari la aina hiyo. Mkwaruzo ubavuni hutoweka. Bampa lililobonyea hunyooka. Tairi lililokwisha huota kashata upya, na taa iliyofifia huwa kama ya jana kiwandani. Muuzaji anaweza kuwa hakukusudia kumdanganya mtu yeyote. Alibonyeza kitufe cha kung'arisha tu. Lakini mnunuzi amekwisha kuoneshwa gari ambalo halipo duniani.

Hasara ya jambo hili haiwi sawa kwa kila mtu. Mkazi wa Dar es Salaam akiona picha ya kutia shaka hupanda daladala, akaenda yadi, akainama na kuchungulia uvunguni. Mkazi wa Nchelenge au Kashikishi hana njia hiyo. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi na siku za biashara zilizopotea vinaweza kumla sehemu kubwa ya akiba yake kabla hajanunua chochote. Kadiri mnunuzi anavyokuwa mbali na gari, ndivyo picha inavyobeba uzito mkubwa zaidi. Ndiyo maana tunasema suala hili, linaloonekana kuwa la wauza magari wa mijini, ni la watu wa mwisho wa barabara kuliko wengine wote.

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa samaki wa ufuo huo. Chisense, samaki wadogo wanaokaushwa juani kama dagaa wetu, na samaki wengine wa Mweru husafirishwa hadi miji ya migodi ya Copperbelt. Wengi hupitia Mansa, wakavuka Daraja la Mwanawasa pale Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, na kukatiza kipande cha ardhi ya Kongo kabla ya kuingia tena Zambia. Gari la mchuuzi wa namna hiyo ndilo duka lake. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Anayeweka akiba ili anunue gari ana miezi tisa ya kukusanya na mitatu ya kuvumilia. Akipokea gari ambalo chasisi yake imeliwa na kutu, hasara haiishii kwenye bei aliyolipa. Kuna mzigo utakaoharibika njiani, mkopo utakaoendelea kudaiwa na ada za shule zitakazosubiri. Na chasisi ikikatika barabarani, linalokuwa hatarini ni uhai wa watu.

Inafaa kukumbuka kwamba gari lilipoanza safari yake huko Japani, ukweli wake mara nyingi uliandikwa. Magari mengi ya mtumba hupita kwenye minada, na mkaguzi wa mnada hujaza karatasi yenye mchoro wa gari na alama za kasoro zake. Herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokarabatiwa, S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Gari lililotengenezwa baada ya ajali hupewa daraja la R au RA. Magari ya mikoa yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, ndiyo yanayoandamwa zaidi na kutu ya uvunguni. Kwa hiyo mara nyingi ukweli ulikuwapo. Unapotea kati ya mnada na simu ya mnunuzi, na akili mnemba inarahisisha kupotea huko.

Sheria hazikosekani. Zambia ina Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Mlaji, namba 24 ya mwaka 2010, inayokataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Soko la Pamoja la COMESA lilitunga kanuni za ushindani mwaka 2004, nazo zilikuwa na sehemu ya kumlinda mlaji. Lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kongo imo COMESA, imo SADC, na mwaka 2022 ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zambia imo COMESA na SADC, haimo Afrika Mashariki. Gari moja linaweza kupita kwenye mamlaka kadhaa kati ya hizi kabla ya kufika ziwani, na kila mamlaka inaweza kumwambia mlalamikaji aende kwa jirani.

Hapa ndipo utangamano wa kanda unapopaswa kuonekana kwa mwananchi. Mkataba wa eneo huru la biashara la COMESA, Afrika Mashariki na SADC ulianza kutumika Julai 2024. Mwaka huo huo Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya biashara ya kidijitali ya soko huru la bara. Karatasi hizo zitakuwa na maana Nchelenge siku mtu aliyeuziwa picha badala ya gari atakapojua mlango wa kubisha.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mamlaka za ushindani za nchi zetu zikubaliane mstari mmoja ulio wazi: mandhari ya nyuma yanaweza kubadilishwa, mwili wa gari usiguswe. Pili, kila muuzaji aweke picha asilia na kuzitoa mnunuzi anapoziomba, zikiwamo za uvungu, matairi, dashibodi yenye kilomita na namba ya chasisi. Alama za siri zinazowekwa ndani ya faili kuonesha kuwa picha imehaririwa ni msaada, lakini mara nyingi hupotea picha inapotumwa kwa WhatsApp, hivyo zisitegemewe peke yake. Tatu, gari likitoka mnadani, nakala ya karatasi ya mnada iambatane na picha. Nne, picha iliyotumika kuuza gari ihesabiwe kuwa sehemu ya makubaliano. Gari lisipofanana nayo, mzigo wa kueleza uwe wa muuzaji, hata kama kosa lilifanywa na programu. Aliyechagua chombo ndiye ajibu kwa kazi yake.

Wapo watakaosema masharti hayo yatawabana wafanyabiashara wadogo. Tunaona kinyume chake. Muuzaji mwaminifu ndiye anayeumia zaidi picha zote zinapokuwa nzuri kupita kiasi, kwa sababu gari lake zima linafanana na bovu la jirani. Kupiga picha tano zaidi na kuzihifadhi kwenye simu hakumgharimu fedha. Kupoteza imani ya wateja kunamfunga biashara.

Wanunuzi nao wasingoje serikali. Kabla ya kutuma fedha, omba video ya simu ya moja kwa moja, mwenye gari akizunguka nalo, akiinamisha kamera uvunguni, akiwasha injini na kusoma namba ya chasisi kwa sauti. Atakayekataa amekwisha kukujibu. Ushauri huu utangazwe kwa Kibemba upande wa Nchelenge na kwa Kiswahili ng'ambo ya ziwa, Pweto na Kilwa ya Kongo, kwa maana wanaovuka maji hayo kila siku ni wateja wa magari yale yale.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akili mnemba imekipa kibaya sura ya kizuri, kikakaa kimya kama nacho chajiuza. Ni wajibu wa serikali zetu kuhakikisha kwamba gari linaloonekana kwenye simu ndilo litakaloshuka Nchelenge.