Leseni Kabla ya Uzio: Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi

Kwa Mheshimiwa Gavana na Kamati ya Utendaji ya Kaunti,

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na miongoni mwa mambo machache yanayotajwa waziwazi chini ya jukumu hilo ni utoaji wa leseni za mbwa. Huenda wapo wanaotabasamu wakimkuta mbwa ndani ya hati iliyokusudiwa kugawanya mamlaka ya dola, lakini waliomweka humo hawakukosea, kwa sababu leseni ndiyo karatasi pekee inayomfunga mnyama fulani kwa mtu fulani mbele ya umma. Barua hii inahusu karatasi hiyo, na inaiomba Serikali ya Kaunti isikubali kufungua uwanja wowote wa kuwaachia mbwa jijini kabla karatasi hiyo haijapata nguvu.

Uwanja wa kuwaachia mbwa ni eneo la umma, lililozungushiwa uzio au kutengewa saa maalumu, ambamo mbwa huruhusiwa kuvuliwa kamba na kukimbia pamoja na mbwa wa watu wengine. Hitaji la mahali pa namna hiyo ni la kweli, kwani watu wanaofuga mbwa katika nyumba za ghorofa za Kilimani au Kileleshwa hawana ua, na mnyama anayetolewa nje kwa dakika chache tu, akiwa amefungwa, hurudi ndani na nguvu ambazo hazijapata pa kwenda. Mji wa Berkeley, katika jimbo la California nchini Marekani, ulilijibu hitaji hili mwaka 1979 kwa kufungua uwanja wa Ohlone, kwenye ardhi iliyokuwa imesafishwa kwa ajili ya ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, na New York ikapata uwanja wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1990, katika bustani ya Tompkins Square.

Mfano wa New York una funzo ambalo huachwa nyuma pale picha za nyasi na uzio zinapochukuliwa kama mpango mzima. Tangu mwaka 2007, kanuni za jiji hilo zimeruhusu mbwa kuachiwa katika sehemu zilizoteuliwa za baadhi ya bustani, asubuhi kabla ya saa 3 na usiku baada ya saa 3 hadi bustani inapofungwa. Lakini anayemwachia mbwa wake sharti awe na leseni na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa, naye huwajibika kuvionyesha akiulizwa na afisa. Kwa maneno mengine, uhuru wa mbwa haukutolewa kwa mbwa. Ulitolewa kwa mtu anayejulikana jina na anwani, kwa masharti, na kwa saa ambazo watoto na wazee wengi hawapo.

Uzio peke yake haulindi mtu, na anayetaka kuona ajali inapoanzia na aangalie lango. Mbwa mgeni anapofika, waliomo ndani humkimbilia kwa kundi, naye angali amefungwa, hawezi kurudi nyuma wala kuzunguka kama ambavyo mbwa wawili walio huru huzungukana na kunusana. Mwenyewe, kwa hofu, huivuta kamba, na kamba iliyokazwa humwinua mgeni shingo na kumsukuma kifua mbele, umbo ambalo mbwa wengine hulisoma kuwa ni kujitapa. Ndiyo maana viwanja vilivyojengwa kwa busara huwa na milango miwili na kizimba kidogo katikati, ili mwenye mbwa afunge wa nyuma, amvue mnyama kamba, asubiri waliomo ndani watawanyike, kisha ndipo afungue wa mbele. Kizimba hicho hakigharimu sana, lakini hakina maana yoyote iwapo watu wanaokitumia hawajui kwa nini kipo, au wanaiacha milango yote miwili wazi kwa kuwa mikono imeshika simu.

Ujuzi unaotakiwa kwa mwenye mbwa si wa kitaalamu, ila unahitaji macho yaliyo kazini. Mbwa anayecheza huinamisha kifua na kuinua makalio, hukubali kufukuzwa baada ya kufukuza, na mwili wake hulegea. Yule anayekaribia kushambulia hukakamaa, hufunga mdomo ghafla, hukaza macho na kusimamisha mkia. Kati ya dalili hizo na meno huwa kuna sekunde chache, na hizo ndizo sekunde za kumwita na kumtoa, kwa kuwa baada ya hapo mkono unaopelekwa shingoni mwa mbwa wanaopigana ndio unaoumwa. Mbwa wadogo nao wanastahili sehemu yao, kwani mnyama mkubwa aliye mpole nyumbani anaweza, akimwona mdogo akikimbia huku akilia, kumchukulia kuwa windo, na kumtikisa mara moja kunatosha kumuua.

Hapa Nairobi pana tatizo la ziada ambalo Berkeley haikulipa uzito, nalo limeandikwa kwenye malango ya mitaa mingi kwa rangi nyekundu: Mbwa Kali. Idadi kubwa ya mbwa wa jiji hili hufugwa kwa ulinzi, hufungiwa bandani mchana, hufunguliwa usiku, na hufundishwa, kwa makusudi au kwa mazoea, kwamba kila sura ngeni ni adui. Mnyama aliyelelewa hivyo hana kosa, lakini hafai kuachiwa katikati ya mbwa na watu asiowajua, na mwenye nyumba anayedhani kwamba ziara ya Jumapili moja itamlainisha anafanya jaribio kwa mwili wa mtu mwingine. Marufuku ya mbegu fulani za mbwa haitatui jambo hili. Uingereza ilianza njia hiyo kwa sheria ya mwaka 1991 iliyoorodhesha aina nne, na zaidi ya miaka 30 baadaye ikalazimika kuongeza aina ya tano, XL Bully.

Jambo la pili ni la kimya zaidi, na pengine ndilo zito kuliko yote yaliyomo katika barua hii. Katika mitaa ya wenye nafasi, anayeonekana barabarani asubuhi na mapema akiwa na mbwa wawili wakubwa mara nyingi si mwenye mbwa bali ni mfanyakazi wa nyumbani, mtunza bustani au mlinzi, mtu aliyeajiriwa kwa kazi nyingine, ambaye hakuulizwa kama anawajua mbwa wala kama anawaogopa, na ambaye hana uwezo wa kukataa. Kanuni itakayosema kwamba anayewajibika ni aliyeshika kamba itaupeleka mzigo wa faini, na labda wa kesi, kwa mtu ambaye mshahara wake wa mwezi hautoshi kulipa bili ya daktari wa mifugo. Kanuni sharti itamke bila mafumbo kwamba anayewajibika ni mwenye leseni, awe uwanjani au awe ofisini, na kwamba anayemtuma mtu mwingine amwachie mbwa wake anawajibika pia kwa usalama wa yule aliyetumwa.

Suala la uwajibikaji lina historia yake katika sheria. Mapokeo ya sheria za Kiingereza, ambayo Kenya iliyarithi, yalizoea kumtaka aliyejeruhiwa athibitishe kwamba mwenye mnyama alijua tangu mwanzo kuwa mnyama huyo ni hatari, jambo ambalo kwa vitendo humpa kila mbwa nafasi ya kuuma mara ya kwanza bila gharama. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, ambayo mwaka 2006 ilikuwa imeifanya njia hiyo kuwa ya pekee kwa waathiriwa wa wanyama wa kufugwa, iligeuka mwezi Aprili 2025 na kukubali kwamba mtu anaweza pia kudai fidia kwa sababu ya uzembe wa kawaida, yaani kushindwa kuchukua tahadhari ambayo mtu mwenye akili timamu angeichukua. Bunge la Kaunti haliwezi kuandika upya sheria ya madai, lakini linaweza kuweka katika masharti ya leseni tahadhari zinazotarajiwa, ili uzembe uwe na kipimo kinachosomeka.

Juu ya hayo yote kuna kichaa cha mbwa. Kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini Kenya kilikuwa cha mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi, mwaka 1912, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo kunatosha kuukata mnyororo. Mtu aliyeumwa huoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kupelekwa hospitali bila kusubiri, kwa sababu dalili zikishaanza tiba huwa haipo tena. Naye mbwa aliyeuma, akiwa anajulikana, huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Katika uwanja wa mbwa wasio na leseni, mwenye mbwa anaweza kumwita mnyama wake, akamwingiza garini na kuondoka, na majeruhi akabaki bila kujua kama anahitaji kukamilisha sindano zote au la.

Wapo pia wakazi ambao hawataki kabisa kuguswa na mbwa, wengine kwa hofu waliyoipata utotoni, wengine kwa kuwa ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii ambao mate ya mbwa kwao ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hawa hawatakiwi kujieleza, na njia wanazopita kwenda kazini, shuleni au msikitini hazipaswi kupakana na lango la uwanja.

Serikali ya Kaunti inaombwa, basi, ifufue kwanza daftari la leseni za mbwa kwa ada ambayo mkazi wa Kayole anaweza kuilipa sawa na wa Karen, iliunganishe na cheti cha chanjo na namba inayovaliwa shingoni mwa mbwa, na ichapishe kila mwaka idadi ya mbwa waliosajiliwa na ya watu walioumwa kwa kila wadi. Uwanja wa kwanza ufunguliwe kwa majaribio, mahali pamoja, ukiwa na afisa anayelipwa kusimama langoni na mwenye mamlaka ya kumrudisha mtu nyumbani na mbwa wake, na zabuni ya uzio isitangazwe kabla ya mshahara wa afisa huyo kuingizwa kwenye bajeti.

Kwa heshima,
Mkazi na mlipa ada wa Nairobi