Shokapu ya maikrofoni na sisi tunaojiita wasomi

Najua nimepotea, ni asaimenti tu, sijaacha kuandika. Leo nimerudi na hasira kidogo, mtanivumilia.

Mliokuwa vimbwetani Jumatano jioni mliniona nikipita na kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, katikati yake inaning'inia maikrofoni kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mlicheka mpaka basi. Mmoja akauliza, "Mwalimu, unaenda kupiga njiwa na hiyo manati?" Na mimi nikacheka. Nilipofika chumbani ndipo nikakasirika.

Maikrofoni yenyewe ni ya utepe, ya zamani, nimeazimwa. Nataka kurekodi hadithi 12 kwa ajili ya watoto wasioona wa shule niliyofanyia BTP. Niliwaahidi, na mtoto wa darasa la nne hasahau ahadi ya mwalimu hata siku moja. Nimechagua ya utepe kwa sababu sauti yake haichomi masikio, halafu inasikia mbele na nyuma tu, ubavuni ni kiziwi. Ubavu nauelekeza koridoni, kelele za wenzangu zinabaki hukohuko.

Shida ni ndani. Mle kuna kijiutepe cha alumini chenye unene wa mikroni 2 hivi, unywele wako mmoja ni mnene kuliko hicho mara thelathini na zaidi. Kinakaa katikati ya sumaku na kimelegezwa makusudi ili kipokee hata sauti nzito. Umeme kinaotoa ni kiduchu, inabidi uukuze sana, na chochote kinachotikisa stendi kinakuzwa nao. Mtu akishuka ngazi na makubazi, mimi huku nasikia ngoma ya harusi.

Mtunza vifaa akaniambia nisubiri bajeti inunuliwe shokapu ya orijino. Jamani! Angalia picha za studio: nyingi ya hizo za orijino ni duara na kamba za mpira, basi. Mwingine, mtu wa kompyuta, akasema nirekodi tu, programu itasafisha. Ana ukweli nusu. Mngurumo wa chini unaweza kuukata. Lakini kishindo cha mlango kinapanda mpaka mahali sauti ya binadamu ilipo, ukikikata unakata na hadithi. Na kama kimeshazidi uwezo wa mashine ya kurekodia, hapo hakuna cha programu wala nini.

Ila wanaoniuma ni nyie wenzangu tunaosomea kufundisha fizikia. Kile kikanuni cha uzito unaoning'inia kwenye springi tumekibeba tangu kidato cha tano, tumekidesa, tumekijibia UE, tumekisahau. Mwenzenu akikitoa kwenye karatasi na kukifunga kwa tyubu mnaona ushamba.

Na mimi pia nilikuwa vilevile, nikiri. Mara ya kwanza nilivuta raba bendi zikakaza kama ngozi ya ngoma, nikajiona fundi. Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Siku mbili nalaumu raba bendi! Mpaka nilipofungua daftari la zamani na kupiga hesabu. Maikrofoni ikishuka milimita 1 tu kwa uzito wake, mtetemo wake wa asili ni karibu mara 16 kwa sekunde. Ikishuka sentimita 1 ni mara 5. Sentimita 2 na nusu, mara 3 hivi. Mtikisiko unaokaribiana na huo wa asili ndio unaongezeka, ulio juu yake sana ndio unaozuiwa. Yaani shokapu nzuri ni ile inayoonekana imelegea vibaya, na uzito wa maikrofoni hizi za kizamani unakusaidia. Nikakata tyubu vipande vyembamba, nikailegeza, nikaacha waya wake ulegee pia kwa kitanzi, maana waya uliokaza unapitisha mtikisiko kama vile hujafanya kitu. Makubazi yakapotea. Mlango bado nausikia, lakini kwa mbali.

Mtunza vifaa nampa haki yake kwa jambo moja: tyubu ikikatika maikrofoni inaanguka, na utepe ule ukinyooka haurudi. Nimeongeza kamba ya katani iliyolegea ya kuidaka. Matundu ya bomba nilitobolea mbali, kwa sababu sumaku ile inavuta vumbi la chuma.

Jumamosi usiku naanza hadithi ya kwanza. Tyubu yangu ilikuwa kuukuu tangu mwanzo na imeanza kupasuka pembeni, kwa hiyo mwenye tyubu ya baiskeli asiyoihitaji aniletee. Na anayekuja kucheka aje tu, ila avue makubazi ngazini.